Kuandika wasifu wa marehemu mke wa kiongozi: mwongozo kwa wafiwa wa Bagamoyo

Misiba ya wake wa viongozi ina kasoro moja inayojirudia. Wasifu unasomwa, watu wameinamisha vichwa, na ukimalizika kila mtu anajua mume alishika uenyekiti mwaka gani, aligombea udiwani mara ngapi na alihamishiwa wilaya zipi. Marehemu mwenyewe ametajwa pale alipozaliwa na pale alipofariki. Katikati ya hapo alikuwa "nguzo ya familia". Mwongozo huu ni wa mtu anayekabidhiwa kalamu asubuhi ya msiba, awe mtoto wa marehemu, mpwa wake au mwalimu wa jirani, huku turubai likifungwa nje.

Tanzia kwanza

Tanzia na wasifu ni vitu viwili. Tanzia ni tangazo: nani, lini, msiba uko wapi, mazishi saa ngapi na makaburi gani. Itatangazwa msikitini, itasomwa redioni na kurushwa kwenye simu, kwa hiyo isizidi maneno 70. Mfano wake ni huu:

"Familia ya Mzee Fulani bin Fulani wa Magomeni, Bagamoyo, inasikitika kutangaza kifo cha Bi. Fulani binti Fulani (Mama Fulani), mke wa Mheshimiwa Fulani, Diwani wa Kata ya Fulani, kilichotokea leo alfajiri nyumbani kwake. Msiba uko hapohapo. Mazishi ni leo baada ya swala ya alasiri, makaburi ya Fulani. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote walioko Kaole, Zinga, Pangani na Zanzibar. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun."

Angalia majina. Jina lake la kuzaliwa linatangulia, halafu lile la mtaani, kwa sababu nusu ya mji haijawahi kumjua kwa jina lililo kwenye kitambulisho. Cheo cha mume kinatajwa mara moja, ili watu wajue ni msiba wa nyumba gani, basi. "Mheshimiwa" ni ya mwenye kiti cha udiwani au ubunge; haihamii kwa mke kwa njia ya ndoa. Kama yeye mwenyewe alikuwa diwani wa viti maalumu, hapo mpe ya kwake. Kuhusu "hayati" na "marehemu" watu hubishana sana. Kwenye msiba wa Kiislamu wa pwani "marehemu" inatosha, maana yenyewe ni dua: aliyerehemiwa.

Saa ulizonazo

Akifariki alfajiri na mazishi yakawa alasiri, jeneza litatoka nyumbani karibu saa tisa. Piga hesabu kurudi nyuma. Saa tatu asubuhi uwe umeshaketi na watu wa kuwauliza. Saa tano uanze kuandika. Saa saba rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wafiwa wawili au watatu, na saa nane kasoro iende kuchapwa. Usingoje saa nane kamili, kwa sababu umeme ukikatika steshenari zote za mji zinakatika pamoja. Ikitokea hivyo, nakili kwa mkono, herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi.

Kwa Wakristo mna siku mbili au tatu, na kuna msaada mwingine: vitabu vya parokia. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na parokia huandika tarehe za ubatizo, kipaimara na ndoa. Mwone katekista mapema. Tarehe ya ubatizo huamua ugomvi mwingi wa umri.

Wa kuulizwa

Usianze na mume. Amezungukwa na wageni, na kumbukumbu zake za ndoa zimepangwa kwa chaguzi: "mwaka ule niliposhindwa", "mwaka ule tuliposhinda". Anza na dada au shangazi wa marehemu kwa habari za utoto. Kisha mtafute somo wake, aliyemfunda alipovunja ungo. Kama yu hai, huyo anajua mambo ambayo hata watoto hawayajui, na atakuchagulia yapi ya kusemwa. Wa tatu ni shoga yake au mweka hazina wa kikundi chake cha upatu. Binti mkubwa awe wa mwisho, kwa ajili ya kuhakiki. Kila mmoja dakika kumi na tano hadi ishirini.

Wote hawa wako ndani na uani, si barazani. Mwandishi mwanamume asiingie na daftari katikati ya wanawake waliofiwa. Aombe binti wa nyumba amwitie mmoja mmoja, au ampe binti huyo maswali. Salamu kwanza: "Shikamoo bibi. Poleni sana na msiba." Swali lije likiwa dogo. Ukiuliza "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa "alikuwa mtu wa watu", na umekwama. Uliza: Asubuhi alikuwa anaamka saa ngapi, akianza na kazi gani? Alisuka mikeka, aliuza vitumbua, alilima mwani Mlingotini, alifundisha? Fedha ya kwanza aliyoishika mwenyewe aliinunulia nini? Watoto wa watu wangapi wamekaa hapa wakisoma?

Hilo la mwisho usiliache. Nyumba ya kiongozi ni nyumba ya wageni isiyo na malipo. Wapo waliokuja kuomba ada, wenye kesi ya shamba, na waliopotelewa na mume wakidhani diwani atamwona. Kabla hawajamfikia mwenye cheo walimpitia mkewe, na wengine shida zao ziliishia hapohapo kwake. Uliza sahani ngapi zilipakuliwa mchana wa kawaida na ngapi siku ya kampeni. Uliza ushauri mmoja alioutoa ukafuatwa. Ukiupata, sentensi ya "alikuwa mshauri wa karibu wa mumewe" haina kazi tena; ifute.

Tarehe

Hapa ndipo wasifu mwingi unapoharibika. Kusanya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa kama kipo, cheti cha ndoa, cheti cha shule na kadi za kliniki za watoto. Viweke mezani pamoja, maana mara nyingi havikubaliani. Tarehe ya 1 Januari au 1 Julai kwenye kitambulisho cha mtu mzima mara nyingi ni ya kukisia. Kama dada yake ana habari ya uhakika zaidi, andika mwaka peke yake, bila siku.

Pasipo karatasi, pima kwa matukio. Bibi mwenye miaka sabini na kitu hatakwambia "nilizaliwa 1950", ila atakwambia alikuwa ameshaanza chuo cha Kurani, au bado hajaanza, bendera ya uhuru ilipopandishwa Desemba 1961. Vipimo vingine vinavyofaa ni Muungano wa Aprili 1964, Azimio la Arusha la mwanzoni mwa 1967, kuzaliwa kwa CCM Februari 1977, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kifo cha Sokoine Aprili 1984, mvua za El Niño za 1997 na 1998, na kifo cha Mwalimu Oktoba 1999. Njia nyingine ni kumpima kwa watoto: "Alipoolewa, bibi, wewe ulikuwa umeshajifungua huyu wako wa kwanza?" Vipimo viwili vikikutana kwenye mwaka mmoja, uandike. Visipokutana, andika "mwanzoni mwa miaka ya 1950" na uendelee na kazi.

Umri usiuhesabu kwa kutoa mwaka kwenye mwaka. Mfano mzuri ni wa Josina Machel, mpigania uhuru wa Msumbiji, aliyezaliwa 10 Agosti 1945 na kufariki 7 Aprili 1971. Ukitoa 1945 kwenye 1971 unapata 26, na utakuwa umekosea, kwa sababu Agosti ya mwaka ule hakuifikia. Alikuwa na miaka 25.

Mfano wa kujipimia

Huyo Josina anafaa kwa zaidi ya hesabu, na kwa Bagamoyo si mgeni wa mbali sana: FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na shule yao ya sekondari hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tazama wasifu wake unavyoweza kuandikwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza: "Alikuwa mke wa Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji. Alimzalia mtoto mmoja wa kiume. Alifariki akiwa bado kijana." Yote ni kweli, na humjui.

Namna ya pili inafuata miguu yake. Alizaliwa Josina Abiatar Muthemba huko Vilankulo, mkoa wa Inhambane. Mwaka 1964 alitoroka kwenda kujiunga na wapigania uhuru, akakamatwa Victoria Falls, akarudishwa na kufungwa. Mwaka uliofuata akatoroka tena, akafika Tanzania. Dar es Salaam alifanya kazi katika Taasisi ya Msumbiji, iliyoongozwa na Janet Mondlane. Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, akaikataa. Mwaka 1967 akaingia kikosi cha wanawake na kupata mafunzo ya kijeshi Nachingwea. Mwaka 1969 akakabidhiwa idara ya ustawi wa jamii ya FRELIMO, na Mei mwaka huohuo akafunga ndoa na Samora huko Tunduru. Mtoto wao alizaliwa Novemba. Alifariki Dar es Salaam na kuzikwa makaburi ya Kinondoni. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Maputo. Msumbiji wanaiadhimisha tarehe 7 Aprili kuwa siku ya wanawake wao.

Hesabu sasa. Katika aya hiyo mume ametajwa mara moja, mahali pa ndoa, na hakuna aliyemvunjia heshima. Ndoa imewekwa kwenye mwaka wake, baada ya mambo ambayo marehemu alikuwa ameshayafanya. Ndivyo ilivyo pia kwa Graça Machel, aliyekuwa waziri wa elimu wa Msumbiji. Anayeandika juu yake akianza na "mke wa marais wawili" amekwishauza habari yote kwa bei ya chini.

Utasema marehemu wetu hakupigana vita. Sawa, lakini alikataa kitu fulani, alianzisha kitu fulani, alihama kutoka mahali kwenda pengine. Hayo matatu ndiyo unayoyatafuta kwa shangazi na kwa somo.

Kuandika

Wasifu wa kusomwa msibani uwe maneno 550 hadi 650. Kwa mwendo wa msomaji mwenye huzuni, maneno kama 100 kwa dakika, hiyo ni dakika sita. Ukizidi hapo, barazani wanaanza kunong'ona habari za usafiri.

Mpangilio wenyewe hauna siri: kuzaliwa na wazazi, elimu ya chuo na ya shule, kazi, ndoa, watoto, shughuli za jamii, kuugua, kifo, dua. Utoto usizidi aya moja. Sehemu nene iwe kazi na shughuli zake kwa watu. Kwenye elimu kuwa mwangalifu: "hakusoma" si sahihi kwa mwanamke aliyehitimu msahafu na baadaye akapata cheti cha elimu ya watu wazima. Taja vyote viwili.

Ukimaliza rasimu chukua kalamu nyekundu, upigie mstari kila sentensi ambayo mtendaji ni mume: aliteuliwa, aligombea, alihamishwa. Wasifu wa sentensi thelathini ukiwa na mistari zaidi ya mitano, umeandika wasifu wa mtu aliye hai. Dawa yake ni kugeuza mtendaji. "Mumewe alihamishiwa Handeni mwaka 1988" igeuze iwe "Mwaka 1988 alihamia Handeni na watoto wanne, akaanza upya biashara ya maandazi". Habari ni ileile, ila sasa anayetembea ni yeye.

Watoto na wake wenza

Hakuna aya inayoleta ugomvi kama hii, na ugomvi wake hauishi matanga yakianuliwa. Andika "alijaliwa watoto wanane, wawili wametangulia mbele ya haki", usiandike sita tu kana kwamba wale wawili hawakuzaliwa. Ukitaja majina, taja yote kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kama kuna mmoja ambaye familia haijakubaliana juu yake, taja idadi bila majina kwa wote. Waliolelewa naye wapewe sentensi yao: "alilea pia watoto wa nduguze na wa majirani". Idadi ya wajukuu iulize kwa binti wawili tofauti. Kwa kawaida huleta majibu mawili.

Kama kiongozi ana wake wengine, wake wenza ni wafiwa, na watajwe. Vyeo vya "mke mkubwa" na "bi mdogo" uviache isipokuwa wenyewe wanavitumia hadharani. Ndoa ya awali ya marehemu, kama ilizaa watoto, itajwe kwa sentensi fupi, "aliwahi kufunga ndoa na Bwana Fulani, wakajaliwa watoto wawili". Kuificha huku watoto hao wamekaa mbele ya jeneza ni ukatili.

Wasifu si hati ya mirathi, lakini majina yaliyosomwa kwenye kipaza sauti yatakumbushwa kwenye kikao cha ukoo cha kumteua msimamizi wa mirathi. Kwa sababu hiyo jina kamili la marehemu lifanane na litakaloandikwa kwenye cheti cha kifo. Kifo hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Aliyefia nyumbani, ofisi ya mtendaji ndiyo ya kuanzia. Aliyefia hospitali, karatasi hutoka hospitali. Makosa ya herufi kati ya "Mwanahamisi" na "Mwanakhamis" yamewahi kuchelewesha fedha za benki za watu wengi.

Ugonjwa

Andika kile tu ambacho familia imekubali kitamkwe. "Aliugua kwa muda wa miezi minne na kupata matibabu hospitalini" yatosha. Jina la ugonjwa ni siri ya mgonjwa hata baada ya kufa, na neno "presha" linalotupwatupwa barazani si majibu ya daktari. Usilaumu hospitali, usidokeze husuda ya kisiasa. Kwenye nyumba ya kiongozi kila kifo kina wenye tafsiri yake, na sentensi moja yenye fumbo itafika Chalinze kabla ya jeneza kufika makaburini.

Pa kusomea

Hili husahauliwa na karibu kila kamati. Kwa desturi yetu ya pwani wanawake hawaendi makaburini. Ukipanga wasifu usomwe kaburini, umewanyima kuusikia wale wote waliomjua: dada, somo, mashoga, wanakikundi. Wasikilizaji wako watakuwa wanaume waliokuja kwa ajili ya mume. Usomwe nyumbani, kabla jeneza halijanyanyuliwa, na spika moja ielekezwe uani. Mafundi wa muziki huzielekeza zote barabarani kwenye turubai la wageni. Mwambie fundi mapema, maana jeneza likishatoka chumbani hakuna atakayekusikiliza. Mwulize pia imamu. Wapo wasiopenda hotuba kabla ya kuswalia, na neno lao liheshimiwe. Hapo wasifu uhamie kwenye hitma, ambako una muda zaidi na unaweza kuurefusha hadi maneno 1,000.

Picha ya marehemu kwenye bango au fulana nayo ni ya kuuliza kwanza. Familia nyingi hazitaki kabisa, nyingine hutaka yenye ushungi tu.

Salamu za wanasiasa

Andaa ratiba ya karatasi moja: dua, wasifu, salamu za serikali, salamu za chama, shukrani za familia. Kila salamu dakika mbili, na mhusika aambiwe kabla hajasimama. Kipaza sauti kishikwe na msemaji wa shughuli wakati mgeni anaongea. Akikabidhiwa mkononi, dakika mbili zinakuwa kumi na tano na utasikia habari za barabara ya lami. Nani atangulie, mwulizeni afisa tarafa au ofisi ya mkuu wa wilaya, msijitungie. Madiwani wa vyama vingine wapewe viti na wapewe nafasi, kwani msiba hauna chama. Sare na bendera zibaki majumbani, isipokuwa marehemu mwenyewe alikuwa kiongozi wa chama na familia imeomba.

Karatasi na msomaji

Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi ya mstari na nusu, upande mmoja, kurasa zenye namba. Bana kwa pini pembeni juu, kwa sababu upepo wa bahari mchana hauchagui karatasi. Nakala tano: msomaji, msomaji wa akiba, mume, binti mkubwa, na moja ya kuhifadhi pamoja na vyeti.

Msomaji asiwe mtoto wa kuzaa, hata akisisitiza. Mpwa au mwalimu anafaa zaidi. Ayasome majina yote kwa sauti mara mbili kabla, hasa ya upande wa ukweni wasiotoka pwani, na mahali pa kupumua apaweke alama kwa kalamu. Msomaji wa akiba asimame nyuma yake akifuatilia kwa kidole kwenye nakala yake, ili mwenzake sauti ikimkatika aendelee kutoka neno lilelile.